Kofia ya afisa wa Kijerumani: usilipe kabla ya kuona chini ya ngozi

Mkuu, usitume hizo euro 700 za kofia ya afisa wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Pili. Umeuliza kama bei ni ya haki, namna ya kuikinga na wadudu nondo, na kama utepe mweupe pembezoni ni wa askari wa miguu. Ndiyo, katika Wehrmacht, jeshi la Ujerumani ya Hitler, mweupe ulikuwa wa askari wa miguu, mwekundu wa mizinga, waridi wa vifaru. Lakini huohuo mweupe ndio ulioniponza.

Mwaka 2016 nikiwa Hamburg nilinunua kofia kama hiyo sokoni kwa euro 650. Muuzaji, mzee mwenye sauti ya upole, alisema ni ya baba yake aliyepigana Urusi, na picha akanionyesha. Nikamuuliza mbona ni kijivu kitupu, haina ule ukijani wa sare za Wehrmacht? Akasema imepauka kwa jua. Nikameza. Jua gani linalopausha mpaka chini ya nembo?

Miezi minne baadaye nikafunua ukanda wa ngozi wa ndani, ule unaogusa paji la uso. Muhuri: 1978! Kofia ya NVA, jeshi la Ujerumani Mashariki lililoundwa 1956. Maafisa wake nao walivaa kamba ya rangi ya fedha na utepe mweupe, na nchi hiyo ilipofutika 1990 kofia zake zilimwagika sokoni kwa bei ya kutupa. Mtu ameng'oa nembo, akashonea kitambaa cha kijani kiza kuzunguka, akabandika nembo ya ndege tai juu na ya shada la majani chini, kama za Wehrmacht. Matundu ya tai yalikuwa mabichi kabisa, nyuzi zimekatika juzi.

Yule mzee ni mwongo, lakini hasira yangu kubwa ni kwa "mtaalamu" wa mtandaoni aliyetazama picha tatu akaniandikia: halisi, chukua. Hakuomba hata picha moja ya ndani! Anayethibitisha kofia kwa kutazama tai amethibitisha tai tu, na tai siku hizi zinafyatuliwa kama matofali.

Picha za chini ya ngozi kwanza, pesa baadaye. Ikikufikia mkononi, imulike kwa tochi ya kukagulia noti bandia. Uzi wa sintetiki wa baada ya vita mara nyingi huwaka weupe wa samawati. Ukiwaka kwenye mishono, rudisha siku hiyohiyo.

Hiyo yako, kwenye picha ya pili, tai imekaa upande. Mwombe muuzaji leo picha ya ndani, nyuma ya tai, halafu iweke hapa tuione.