Laki tisa ya Dar: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: "Mama, hapa Iringa napata 650,000, kampuni ya Mikocheni inanipa 900,000. Itanitosha Dar au nitaumia?" Nimeona nikuandikie, maana haya hayaelezeki kwenye simu huku wateja wanasubiri sahani.

Kwanza, hiyo 900,000 hutaishika. Kuna kijana mhasibu anakula kwangu, nilimwomba anipigie hesabu, tukaiandika nyuma ya daftari la madeni. NSSF asilimia 10, ni 90,000. Kodi ya mshahara 80,500. Bodi ya Mikopo, lile deni lako la chuo, asilimia 15, ni 135,000. Kinachoingia mkononi ni 594,500. Nikamwambia apige na ya Iringa, ikatoka 454,500. Kwa hiyo nyongeza ya 250,000 inayokunyima usingizi, ikikufikia ni 140,000. Nilimwomba arudie. Akarudia, ikawa ileile. NSSF hainiumi sana, ni akiba yako na mwajiri naye anaweka fungu lake. Yanayoniuma ni hayo makato mengine.

Sasa njoo na hiyo 140,000 mjini. Rafiki yako amekuonea chumba masta Kimara, 150,000. Huko unalipa 60,000, basi 90,000 imeshakwenda. Kimara hadi Mikocheni ni gari mbili kwenda, mbili kurudi. Kwa nauli ya 600 kila gari, siku moja ni 2,400, siku 22 za kazi ni 52,800. Jumla 142,800. Nyongeza imekwisha na unadaiwa 2,800, na hujatia kitu mdomoni. Huko mchana unarudi nyumbani kula, hapa utanunua. Wali maharage kwangu ni 2,000, na mimi ni wa bei ya chini.

Hilo daftari la madeni ndilo linalonitisha, mwanangu. Wiki ya kwanza ya mwezi halina kazi. Vijana wanakuja na vitambulisho shingoni, mashati yamenyooka, wanaagiza wali nyama na soda juu. Ikifika tarehe 15 soda inatoka. Tarehe 20 nyama inatoka. Baada ya hapo mtu ananiinamia sikioni: "Mama, niwekee maharage, andika." Hao wana mishahara kama huo unaoahidiwa wewe. Ninawaandika, siwakatalii, kwa sababu kila nikimwona mmoja nakuona wewe.

Tena kuna pesa ya mlango, ambayo hukuniuliza. Wenye nyumba wengi hapa hawapokei kodi ya mwezi mmoja. Wanataka miezi sita, wengine mwaka. Miezi sita ya chumba chako ni 900,000, na dalali anachukua ya mwezi mmoja, 150,000. Ni 1,050,000 kabla hujanunua hata ndoo, na mshahara wa kwanza unausubiri mwisho wa mwezi. Utaitoa wapi? Ukikopa kwa hawa wa riba, umeanza kazi ukiwa mtumwa wao. Na kumbuka, miezi sita ya mwanzo kazini ndiyo ambayo sheria bado haikulindi dhidi ya kuachishwa isivyo halali. Utakuwa umelipia nyumba muda uleule ambao kazi yenyewe haijashika.

Sikukatazi kuja. Nakukataza kuja kwa bei hii. Warudie, kwa adabu, uwaombe 1,100,000. Usiombe laki moja tu ukadhani umepata: kwa makato yako, kila laki wanayokuongeza, inayokufikia ni 52,500. Wakishindwa, waombe wakukopeshe kodi ya miezi sita na wakukate kidogo kidogo. Neno hilo liwe kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo baba yako aliwahi kuipokea, unakumbuka tulivyoishi mwaka ule.

Jambo moja linaweza kubadilisha jibu langu lote. Deni lako la Bodi limebaki kiasi gani? Kama ni la miezi michache, basi 135,000 itarudi mkononi mwako na hesabu inakaa sawa, utahama bila kuhangaika. Kama bado ni la miaka, shikilia nililosema.

Na ukija, usianzie Kimara. Anzia hapa Buguruni. Chumba cha mdogo wako kiko wazi tangu aende chuo. Ni kidogo, joto lipo, na bati linapiga kelele mvua ikinyesha, lakini hakuna atakayekudai miezi sita. Gari zitakuwa mbili vilevile, hilo sikufichi, na foleni ya Mandela utaijua. Ila chakula cha usiku kipo, cha mchana nitakufungia kwenye hotpoti, na ile 150,000 unaiweka kila mwezi. Miezi saba ukiiweka bila kuigusa, unayo 1,050,000 yako, unaenda kwa dalali kifua mbele. Najua mwanaume wa miaka 28 hapendi kurudi kwa mama. Fikiria tu.

Nitumie salio la Bodi kabla hujawajibu hao watu. Yule mhasibu anakula hapa mpaka Ijumaa, halafu anaenda likizo.

Mama yako