Barua kwa mwanangu: usinilipie jarida mwaka huu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema ulipokuja likizo uliyaona majarida yangu ya muziki wa klasiki yamerundikana kando ya kiti, mengine hata mfuko wa plastiki hayajatolewa, na sasa unataka kujua kama unilipie mwaka mwingine kama ulivyozoea, au ndiyo basi. Halafu ukaniuliza, kwa upole, kama nimeuchoka muziki wenyewe.

Muziki sijauchoka, mwanangu. Nasikiliza kila siku, na kuna siku nasikiliza zaidi ya zamani. Kilichonitoka ni hamu ya kusoma rekodi zilizotoka mwezi huu zikihakikiwa. Wenzangu niliokuwa nikibadilishana nao majarida nao wameacha mmoja mmoja, bila kugombana na mtu. Kwa hiyo usidhani ni uzee au huzuni. Jambo lenyewe lina sababu, na ningependa uzisikie kutoka kwangu.

Kwanza fikiria majarida haya yaliletwa na shida gani. Compton Mackenzie alipoanzisha jarida la Gramophone kule Uingereza mwaka 1923, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika 4 hivi, tano ukibahatika. Simfoni moja ya Beethoven, kazi ndefu ya okestra, ilikuwa rundo la santuri nzito, za bei kubwa, na ikikuponyoka moja imevunjika. Nani angenunua mbili ili alinganishe? Ilibidi apatikane mtu aliyezisikia zote akwambie chukua hii, ile iache. Santuri ndefu zikaingia mwaka 1948, CD zikaja mwaka 1982, lakini mnunuzi alibaki na shida yake ileile: alilipa kwanza, akasikia baadaye. Ndiyo maana neno la mhakiki lilikuwa na uzito. Lilikuokoa na hasara.

Shida hiyo leo haipo. Simfoni hiyohiyo naifungua kwenye simu, naisikiliza ikipigwa na okestra hii, kisha ile, kisha ya tatu, na chai haijapoa. Sina haja ya kumuuliza mtu kama inafaa. Hiyo ndiyo sababu kubwa, na wengi wanaoandika kuhusu kufifia kwa majarida haya huishia hapo. Mimi siishii hapo, kwa sababu sikuwa nayasoma kwa ajili ya kununua tu.

Nikuoneshe nilichokuwa nakifuata. Mpiga piano Glenn Gould alirekodi Goldberg Variations za Bach, yaani wimbo mmoja wa mwanzo, aria, unaofuatwa na vipande 30 vinavyougeuzageuza, mwaka 1955, akiwa kijana wa miaka 22. Akazirekodi tena mwaka 1981, na mwaka uliofuata akafariki. Mara ya kwanza kazi nzima ilimchukua kama dakika 38. Mara ya pili, dakika 51. Aria ya mwanzo, ile ya taratibu, mwaka 1955 haifiki dakika 2. Mwaka 1981 inapita dakika 3, na noti ni zilezile. Hayo mtu yeyote mwenye saa anaweza kukwambia. Mhakiki mzuri alianzia hapo ndipo akaendelea. Alikwambia utege sikio kwenye mkono wa kushoto, usikie jinsi katika rekodi ya pili kila noti ya chini inavyowekwa peke yake, imetengwa na jirani yake, kana kwamba anataka uione. Alikuonesha kwamba mapigo ya kipande kimoja yanazaa mapigo ya kinachofuata, hata vipande vyote 30 vikawa safari moja. Alikwambia pia kwamba ile sauti ya mtu anayeimba chinichini ni Gould mwenyewe, hakuweza kunyamaza akiwa kwenye piano.

Nilisoma maelezo ya namna hiyo, nikarudi kusikiliza, nikakuta masikio yangu yamefunguka. Na bado sikukubaliana na aliyeandika! Yeye alishikilia ile ya ujana, mimi mpaka leo nashikilia ya pili. Nilibishana naye kichwani wiki nzima. Utamu wa majarida haya kwangu ulikuwa huo: mtu nisiyemjua, aliyesikiliza kwa bidii kuliko mimi, anayenilazimisha nisimamie ninachokisikia.

Sasa fungua toleo lolote kati ya yale uliyoyaona kando ya kiti. Rekodi moja inapewa aya mbili. Ya kwanza inasimulia maisha ya mpiga piano, amesoma wapi na ameshinda shindano gani. Ya pili inasema anapiga kwa hisia na ustadi, na sauti ya rekodi ni safi. Kulinganisha hakuna. Hakuna anayesema huyu kaharakisha sehemu ya pili mpaka wimbo ukakosa pumzi. Kila rekodi ni nzuri, na nyingine ni nzuri sana. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami naona sifa hizi zimewaharibu hata wasomaji, maana tumezoea kupita juu ya maneno bila kuyaamini.

Sisemi wahakiki wanahongwa. Nafikiri wamebanwa. Rekodi zinatoka nyingi mno, hasa tangu kampuni kama Naxos, iliyoanzishwa mwaka 1987, zilipoonesha kwamba CD za bei nafuu zinauzika. Kurasa nazo zimepungua, na tangazo la kampuni iliyotoa rekodi linakaa jirani na uhakiki wa rekodi hiyohiyo. Wengine wanaojirekodi leo wanajilipia wenyewe, na kumwangusha kijana aliyetoa akiba yake ni jambo gumu kwa mtu mwenye huruma. Namwelewa. Lakini huruma yake kwa mpigaji inanilipisha mimi msomaji.

Kuna kisa kimoja nataka ukifahamu, maana kiliwatikisa wengi wa rika langu. Joyce Hatto alikuwa mpiga piano wa Uingereza aliyeacha kupiga hadharani kwa miaka mingi. Uzeeni, akiwa mgonjwa, zikaanza kutoka CD kwa jina lake, zaidi ya 100, na mumewe ndiye aliyezitoa. Wahakiki kadhaa walizisifu mno. Hatto alifariki mwaka 2006. Mapema mwaka 2007, mtu aliitia mojawapo kwenye kompyuta, yenye zile etudi ngumu za Liszt, vipande vya kupima ustadi wa vidole, na programu ikamwandikia kwamba mpigaji ni László Simon, mpiga piano mwingine kabisa. Zikapimwa nyingine, zikaonekana nazo ni za watu wengine, baadhi zimebadilishwa mwendo kidogo ili zisitambulike. Gramophone ndiyo iliyoichapisha habari hiyo, na baadaye mume akakiri.

Watu walicheka kwamba wahakiki hawana masikio. Mimi sikucheka, kwa sababu upigaji waliousifu ulikuwa mzuri kweli. Kilichoniuma ni kwamba rekodi hizohizo, zilipokuwa na majina ya wenyewe, nyingi zilipita bila shangwe kama hiyo. Kumbe kisa cha mama mgonjwa aliyesahauliwa kilisikiliza kwa niaba yao. Tangu hapo, nikisoma uhakiki unaoanza na maisha ya mpigaji, nasimama nijiulize: huyu amesikiliza, au amehadithiwa?

Nami pia si yule wa zamani. Rekodi ya Simfoni ya Tano ya Beethoven aliyoifanya mwongozaji Carlos Kleiber na Wiener Philharmoniker, okestra ya Vienna, mwaka 1974 inanitosha. Siwezi kujilazimisha kusoma kwamba mwezi huu imetoka nyingine.

Lakini nisiwaonee. Wanapoandika kuhusu muziki ambao hakuna anayeujua, bado nasoma kila neno. Florence Price, mtunzi Mmarekani mweusi, ambaye okestra ya Chicago ilipiga simfoni yake ya kwanza mwaka 1933, alisahauliwa mpaka mwaka 2009, marundo ya karatasi zake za muziki yalipokutwa katika nyumba chakavu huko Illinois. Zikaanza kurekodiwa. Simu inanipa rekodi hizo, ila hainiambii nianzie wapi, wala kwamba katika kipande fulani natakiwa kusikia mdundo wa ngoma ya juba, waliyoicheza watumwa wa Marekani. Hapo mhakiki ana kazi kubwa na hakuna wa kumpokea. Laiti wangezitoa kurasa zao nyingi kwa mambo hayo, ningekuomba unilipie miaka mitatu.

Basi, jibu langu: mwaka huu usilipe. Yaliyo kwenye plastiki mpe yeyote anayejifunza piano, huenda yakamfaa kuliko mimi. Yale ya zamani yaliyo kabatini, yenye penseli yangu pembeni, usiyaguse. Hayo nayasoma mpaka leo.

Na kama bado unataka kunipa kitu, tununulie tiketi mbili, yako na yangu, popote patakapopigwa kazi ambayo sote hatujawahi kuisikia. Usisome chochote kabla. Njia nzima ya kurudi utaniambia kilichokuboa, nami nitakukatalia, na safari hii niwe na mtu wa kunijibu.

Wako akupendaye,
Mama