Kipimo cha mwanga hakitoshi kwa titi lenye uvimbe

Dada, umeuliza kama mama mwenye uvimbe kwenye titi apelekwe kwenye kipimo cha mwanga, kwa kuwa anaogopa mionzi ya mamografia, ile picha ya eksirei ya titi. Nimefanya kazi chumba cha altrasaundi kwa miaka, nijibu kwa kirefu.

Mwanga kweli hupenya titi, hasa ule wa infraredi ambao macho hayauoni. Kinachoumeza njiani zaidi ni damu. Saratani hujiotesha mishipa mingi ya damu, na damu hiyo mara nyingi ina oksijeni pungufu, basi sehemu ile huonekana tofauti. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni hutumia kanuni hiyohiyo.

Shida ni kwamba ndani ya nyama mwanga hutawanyika kama taa za gari kwenye ukungu. Daktari Max Cutler alimulika matiti tangu 1929 huko Marekani. Vivuli aliviona, ila kujua kipi ni saratani na kipi siyo kulimshinda. Mashine za leo zina kompyuta na leza, zimepiga hatua kubwa, lakini uvimbe mdogo au wa ndani bado unasumbua. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuulize zaidi: melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, humeza mwanga kabla haujafika ndani. Vile vifaa vya kidoleni vimeshaonekana kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo kwa watu weusi.

Nilishampokea mama aliyekuja na karatasi ya kipimo cha namna hiyo imeandikwa "safi", na uvimbe unashikika kabisa kwa vidole. Altrasaundi ilionyesha kingo zilizochongoka, tukachukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, ikawa saratani. Iliniuma, kwa sababu miezi ilikuwa imeshapotea.

Hata teknolojia ninayoiamini zaidi, ya leza inayoifanya damu itoe sauti inayonaswa na altrasaundi, Marekani waliiidhinisha Januari 2021 itumike pamoja na altrasaundi, kwa mwanamke ambaye uvimbe wake umeshaonekana.

Mama aanze na altrasaundi wiki hii. Haina mionzi wala haibani titi. Wakimwandikia mamografia, asikatae: dozi yake ni kama milisiviti 0.4 (kizio cha kupimia mionzi), karibu sawa na mionzi ya asili tunayoipata kwa wiki saba hivi, na kule kubanwa ni kwa sekunde chache. Wakisema kinyama kichukuliwe, kichukuliwe, na majibu ya maabara myafuatilie wenyewe mpaka myapate mkononi.