Maneno ya Kiingereza ya kueleza sifa ya pekee ya mtu

Umeuliza utumie neno gani la Kiingereza katika barua ya kumpendekeza mwenzako wa kazini, ambaye huandika ripoti kwa namna isiyofanana na ya mtu mwingine. Ningekushauri uandike "distinctive", kwa sababu neno hilo linaonyesha kwamba kazi yake hutambulika upesi miongoni mwa nyingine, bila kumpunguzia heshima. "Characteristic" hueleza jambo ambalo ni kawaida yake, liwe zuri au baya, kwa hiyo peke yake halimsifu. "Peculiar" liepuke kabisa katika barua ya aina hiyo: likifuatwa na "to" huonyesha kwamba kitu ni cha mtu au mahali fulani tu, lakini likitangulia nomino, kama katika "a peculiar man", msomaji wa leo ataelewa kwamba mtu huyo ana vituko, na mwajiri akishapata picha hiyo si rahisi kuifuta. "Unique", yaani "wa pekee kabisa", limetumika mno, na wahariri wengi makini hawapendi kuliona likitanguliwa na "very" ("sana").

Kwa maoni yangu, hata neno lililochaguliwa vizuri halimsaidii sana mwombaji likiachwa tupu. Taja sifa moja, kisha eleza kitendo kinachoithibitisha: "meticulous", yaani "mwangalifu hata katika mambo madogo", litaaminika zaidi ukiongeza kwamba yeye hukagua kila tarakimu kabla ya kuwasilisha hesabu. Ukitaka kusifu uangalifu wake wa fedha, andika "thrifty", wala usithubutu kuandika "stingy", kwani hilo litamfanya aonekane bahili.