Unguja ya Kusini, na Maswali Mengine ya Safari

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Nimekwishafika Unguja mara mbili, na mara zote mbili nilipelekwa kulekule: Mji Mkongwe, vyakula vya jioni vya Forodhani, kobe wa Changuu, mashamba ya viungo na machweo ya Nungwi. Sikujuta, lakini nilirudi nikihisi kwamba sikuzungumza na Mzanzibari yeyote asiyekuwa akiniuzia kitu. Julai hii nina siku nne, nitafuatana na mke wangu, na mfuko wenyewe ni wa mwalimu. Twende wapi?
*Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Mwalimu, maneno yako kuhusu kuuziwa kitu ndiyo yaliyonifanya niitangulize barua yako, maana jibu lake limo humo humo. Mahali ulipopelekwa hapana kosa. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na unastahili kila saa unayoupa. Kilichokunyima mazungumzo ni haraka. Mtu anayehama kijiji kila asubuhi hukutana na madereva, wakata tiketi na wachuuzi tu, kwa kuwa hao ndio ambao kazi yao ni kuwapokea wapitao njia. Kwa hiyo ningekushauri uzitumie siku zote nne Kusini, mkilala katika kijiji kimoja, Makunduchi au Jambiani, na matembezi yenu yote yaanzie na kuishia hapo. Nyumba ndogo za kulala wageni zipo, na daladala za kutoka mjini zinafika, kwa nauli ambayo ni sehemu ndogo sana ya ile ya teksi.

Njiani mtapita katikati ya msitu wa Jozani, ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Huko ndiko kwa kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja tu wala hayuko bara. Wakulima wa jirani wamekuwa wakimlalamikia kwa miaka mingi kwa sababu hula mazao yao, na anayo tabia moja ambayo wanafunzi wako wangependa kuisikia: hula makaa. Wataalamu wanaeleza kwamba makaa hayo humsaidia kuhimili sumu iliyomo katika majani ya miembe na miti ya mikungu anayoyala mashambani. Shukeni, tembeeni na mwongozaji wa hifadhi, mpite pia katika daraja la mbao lililojengwa ndani ya mikoko, kisha mpande daladala nyingine mwendelee.

Sasa nitakaa kidogo juu ya jambo ambalo wageni wengi hulipuuza, nalo ni maji. Katika pwani ya mashariki na kusini mwa Unguja, ratiba ya watu haiandikwi na saa ya ukutani peke yake, bali pia na kujaa na kupwa kwa bahari. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, hata mtu akisimama ufukweni Jambiani huona mchanga na mwamba mtupu mpaka mbali kwenye mawimbi. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, bahari isiposogea sana huku wala huku. Wakulima wa mwani, mimea ya baharini, ambao wengi wao ni wanawake, huingia shambani wakati wa bamvua maji yakiwa yamekupwa, mara nyingi kabla ya adhuhuri, kufunga vipande vya mwani katika kamba zilizotandazwa baina ya vijiti na kuvuna vilivyokomaa. Kilimo hiki kilianza kwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Paje na Jambiani, na kimewapa wanawake wengi fedha ya mikononi mwao wenyewe. Lakini katika miaka ya karibuni bahari imepata joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi imekuwa ikifa. Muulizeni mwenyeji wenu bamvua linaanza siku gani kabla hamjapanga lolote. Mkifika wakati wa maji mafu hamtawakuta wanawake hao shambani, na mtaondoka mkidhani kwamba vijiti vile ni mabaki ya kitu kilichokwisha.

Maji hayo hayo ndiyo yaliyokuwa yakiamua safari ya Uzi. Kwa miaka mingi kisiwa hicho kiliungana na Unguja Ukuu kwa njia ya mawe inayokatiza mikoko, na maji yakijaa njia hiyo ilifunikwa. Mimi niliwahi kufika pale nikiwa nimechelewa, nikakaa chini ya mti karibu saa tatu pamoja na akina mama waliokuwa wakirudi kutoka sokoni. Katika saa hizo nilijifunza habari za Uzi zaidi ya nilivyojifunza kisiwani kwenyewe baadaye. Unguja Ukuu nako msipite tu. Juu ya ardhi mtaona kidogo sana, lakini wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba palikuwa na mji wa biashara tangu karibu karne ya 7, uliopokea bidhaa za Ghuba ya Uajemi na hata China.

Kizimkazi Dimbani upo msikiti ambao maandishi yake ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, yaliyochongwa katika mawe ya matumbawe, yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107 wa Miladia. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya 18, ila kibla chenye maandishi hayo kimebaki. Msikiti huu bado unasaliwa. Nendeni nje ya nyakati za sala, mkiwa mmejisitiri, na muombe ruhusa kwanza. Wageni wengi hufika Kizimkazi kwa ajili ya pomboo peke yao, nami nasema wazi kwamba siupendi mchezo wa mashua kumi kulizingira kundi moja na watu kuwarukia majini. Mkienda, mwambieni nahodha mapema kwamba mtawatazama kwa mbali.

Umesema Julai. Ndani ya mwezi huo Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa, mwaka mpya unaotokana na Nairuzi ya Washirazi. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mashina ya migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishe, wanawake huimba wakizunguka, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Wageni hukaribishwa kwa moyo wote, kwa kuwa nyumba iliyokosa mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa imepungukiwa. Wekeni nafasi ya kulala mapema sana.

Kwa mwalimu kuna zawadi nyingine ambayo haitozwi kiingilio. Kiswahili unachofundisha kilisanifiwa kwa msingi wa Kiunguja cha mjini, lakini wazee wa Makunduchi wana lahaja yao, wanayoiita Kikae. Kaeni barazani jioni kwenye kahawa, muamkie kila mzee kwa shikamoo, na uombe akusimulie kwa Kikae. Utapotea katika sentensi ya pili, na wenyeji watafurahi kukurudisha njiani.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninapiga picha, na ndoto yangu ni kuwapiga wanawake wa mwani wakiwa kazini. Kuna ubaya?
*Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Ubaya upo ukipiga kwanza na kuuliza baadaye. Wanawake hawa wako kazini, nguo zimelowa, na wengi hawapendi sura zao zisambae mitandaoni kwa watu wasiowajua. Ukifika kijijini, onana kwanza na sheha, kiongozi wa serikali wa mahali hapo, ujieleze. Kisha omba kuingia nao majini, ukiwa umevaa viatu kwa sababu ya viumbe wenye miiba walio chini, ufunge kamba pamoja nao asubuhi nzima huku kamera ikiwa mfukoni. Atakayekubali, mwonyeshe picha zake papo hapo, na ufute asiyoitaka bila kubishana. Akikataa, amekataa.

SWALI: Nina wiki moja Unguja. Je, nichukue siku moja nikaione Pemba?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Pemba haitoshi kuonwa kwa siku moja, na njia ya kwenda na kurudi baharini itakula sehemu kubwa ya siku hiyo. Ipe siku zisizopungua nne. Unguja ilipoteza mikarafuu yake mingi katika kimbunga cha mwaka 1872, Pemba ikaponea, na tangu hapo ndiyo imekuwa nyumba ya karafuu; ukifika msimu wa mavuno utazikuta zimeanikwa juu ya majamvi kandokando ya barabara, na harufu yake itakufikia kabla hujaziona. Kaskazini kuna msitu wa Ngezi na popo wa Pemba, wakubwa wala matunda, wasiopatikana kwingine duniani. Pujini yapo magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa kale ambaye masimulizi ya wenyeji yanamkumbuka kwa ukatili wake, na magharibi mwa Chake Chake kipo kisiwa cha Misali chenye matumbawe mazuri kuliko yote niliyoyaona Zanzibar. Wiki hii baki Unguja, na Pemba uifungie safari yake nyingine. Meli hushusha abiria katika mji wa Mkoani, na magari ya kwenda Chake Chake huwa yanangoja pale bandarini.