Kikwapa kwenye baridi ya Mbeya: kabla ya kubadilisha deodoranti, kagua koti

Mdogo wangu uliyeuliza kuhusu kikwapa, nimekusoma mara mbili. Umesema una miaka 24, umeanza kazi ya ofisini hapa Mbeya mwezi wa tano, unaoga kila siku, unavaa koti moja la bluu la mtumba karibu kila siku kwa sababu ya baridi, umeshabadilisha deodoranti tatu, na bado ikifika saa nane mchana mwenzako wa meza ya pili anafungua dirisha ilhali nje watu wanatetemeka. Umeuliza ni deodoranti ipi iliyo kali kuliko zote, kama alumini iliyomo ndani yake huleta saratani, na iwapo wewe ni mgonjwa. Nitakujibu kwa yale niliyopitia mwenyewe na kwa yale ninayoyaona kazini. Mimi ni fundi cherehani wa Mwanjelwa, hapa hapa Mbeya, na fundi anayetengeneza makoti ya watu huyajua makwapa yao kuliko wanavyoyajua wenyewe.

Nami nilinuka. Nilinuka kwa miaka kadhaa bila kujua, kwa kuwa pua ya mtu huizoea harufu yake mwenyewe, na hali ya hewa ya huku ikanisaidia kujidanganya. Nilikuja kujua siku niliyopeleka sare za shule Kyela. Ilikuwa Julai, na hapa mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, alfajiri mtu akizungumza hutoa mvuke mdomoni. Nikapanda basi nikiwa na fulana, shati la tetroni, sweta na koti juu yake. Hadi Tukuyu nilikuwa salama. Kutoka hapo barabara huteremka kuelekea Ziwa Nyasa, joto likaanza kupanda, abiria wakavua makoti, nami nikavua langu pamoja na sweta. Mama wa makamo aliyeketi kando yangu akamwomba kondakta afungue dirisha, kisha baada ya muda akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini, “Mwanangu, usinichukie. Mwili wako naona ni msafi, ila hilo sweta limechoka kubeba.” Nikamjibu “ndaga fijo, mama”, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, halafu nikatazama nje mpaka tukafika. Wateja wangu wote, na baadhi yao ni jamaa zangu, walikuwa wameninyamazia.

Yule mama alikuwa amesema jambo ambalo ilinichukua miezi kulielewa. Jasho likitoka mwilini karibu halina harufu yoyote. Tuna tezi za jasho za aina mbili: zile nyingi, zilizotapakaa mwili mzima kwa mamilioni, hutoa maji na chumvi ili kuupoza mwili, nyingine ziko hasa kwapani na kwenye kinena, huanza kazi mtu anapobalehe, na hutoa majimaji mazito kidogo yenye mafuta na protini. Hizi za pili huamshwa na hofu, haraka na aibu, si joto peke yake. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi huyala majimaji hayo, na mabaki ya karamu yao ndiyo yanayonuka. Kwa hiyo mtu anaweza kulowa chapachapa asinuke, na mwingine akanuka shati lake likiwa kavu kabisa.

Hapo ndipo baridi inapotudanganya sisi watu wa nyanda za juu. Mtu wa Dar es Salaam akilowa jasho huliona, hulivua shati, hulifua jioni. Sisi huvaa sweta lile lile tangu Jumatatu hadi Ijumaa kwa sababu halionekani chafu, na chini yake kwapa lina joto na unyevu wa kuwatosha bakteria kuishi vizuri kuliko sisi wenyewe. Ukiongeza hofu ya mgeni kazini, ambaye kila akiitwa na mkuu wake moyo humwenda mbio, utaelewa kwa nini tatizo lako lilianza pamoja na ajira.

Sasa niseme habari ya nguo, maana hapo ndipo penye ufundi wangu. Kitambaa cha poliyesta hakinyonyi maji, lakini hushika mafuta ya mwili na harufu yake kuliko pamba, na hakiyaachii kirahisi kwa sabuni ya kawaida. Pamba hunyonya jasho, ni kweli, lakini hufulika. Makoti mengi ya mitumba yana bitana ya poliyesta, na kati ya bitana na kitambaa cha nje, pale kwenye mshono wa mkono, hujikusanya jasho la mwenye koti wa sasa juu ya jasho la yule wa kwanza wa ng’ambo. Nimefumua makwapa ya makoti yaliyokuwa yanang’aa kwa nje huku bitana yake imekakamaa kama karatasi iliyolowa ikakauka. Harufu hiyo hulala nguo ikiwa baridi na kavu, kisha huamka ikipata joto na unyevu. Ndiyo maana asubuhi unanusa koti, unaona halina neno, na saa nane mchana dirisha linafunguliwa. Kwenye meza yangu huamka mapema zaidi: ninapoweka pasi ya mkaa kwapani, mvuke wa kwanza hunieleza habari zote.

Kwa hiyo, kabla ya kununua deodoranti ya nne, zigeuze nguo zako ndani nje, zisugue kwapani kwa sabuni ya mche, kisha uziloweke kwa nusu saa katika maji yenye siki nyeupe, kikombe kimoja kwa nusu ndoo, ndipo uzifue kama kawaida na kuzisuuza sana. Zianike juani zikiwa bado zimegeuzwa. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikiwa haikatiki, usivae nguo iliyokauka nusu, kwa kuwa unyevu huo peke yake huzaa harufu ya uchachu ambayo watu huidhania kikwapa. Jambo moja nalisisitiza: usichanganye siki na jiki katika ndoo moja, kwa maana hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Koti lisilofulika kwa maji lina dawa yake, nami nitaieleza mwishoni.

Baada ya nguo, deodoranti. Madukani kuna vitu viwili tofauti ambavyo tumezoea kuviita kwa jina moja. Deodoranti yenyewe hupunguza bakteria na kufunika harufu kwa manukato, lakini jasho hutoka kama kawaida. Antipaspiranti, yaani kizuia jasho, ina chumvi za alumini ambazo huingia kwenye midomo ya vijitundu vya jasho na kutengeneza kizibo laini cha muda. Huwezi kuzitofautisha kwa rangi ya chupa wala kwa ukali wa manukato. Geuza chupa usome orodha ya viambato, na ukiona neno linaloanza na “aluminium”, kwa kawaida umeshika kizuia jasho. Hizo tatu ulizotaja, kwa maelezo yako, zote ni za kupulizia na zote ni manukato. Kupulizia manukato juu ya kikwapa ni sawa na kupiga pasi shati chafu: mikunjo hunyooka, uchafu huganda.

Mimi natumia rolioni ya kizuia jasho isiyo na manukato makali. (Ile tufe inayozunguka mdomoni mwa chupa, kwa taarifa yako, ilibuniwa Marekani kwa kuiga kalamu ya bolpeni; mtu aliyeona undugu kati ya wino na kwapa alistahili kuwa fundi cherehani.) Tufe hilo hugusa ngozi na kurudi ndani ya chupa, hivyo usiazime rolioni ya mtu wala usimwazime mtu yako. Kilichobadilisha maisha yangu, hata hivyo, kilikuwa saa ya kupaka. Nilikuwa napaka asubuhi, natoka kuoga, kwapa bado bichi, nakimbilia bajaji. Jasho likaanza kutiririka kabla dawa haijakaa. Paka usiku, kwenye ngozi safi na kavu kabisa, ulale. Usiku jasho hupungua na chumvi zile hupata nafasi ya kuingia. Ukioga asubuhi, kizibo hakiondoki. Usitarajie ajabu usiku wa kwanza. Mimi niliona tofauti baada ya siku nne au tano. Asubuhi unaweza kuongeza deodoranti ya manukato ukipenda, ila usipake kizuia jasho usiku ule ule uliponyoa, kwa kuwa kitawasha vibaya. Kunyoa au kupunguza nywele za kwapani kwenyewe kunasaidia, kwa sababu nywele hushika jasho na bakteria pamoja.

Kama baada ya wiki mbili au tatu za kufanya hivyo bado hujaona nafuu, nenda duka la dawa uulizie sabuni ya maji ya chunusi yenye benzoili peroksaidi. Paka kwapani ukiwa unaoga, acha dakika mbili tatu, suuza. Huua bakteria vizuri. Lakini huchujua rangi ya nguo, na kuna mteja wangu aliyeniletea shati jeusi lililogeuka rangi ya machungwa kwapani akidhani nimemuuzia kitambaa kibovu. Basi suuza vizuri na utumie taulo jeupe. Yapo pia madawa yenye kloridi ya alumini yenye nguvu zaidi kwa watu wanaotokwa na jasho kupita kiasi, lakini hayo utayatumia kwa maelekezo ya daktari.

Najua wapo watakaokuambia upake ndimu. Nilipaka. Ni kweli ukali wake huwasumbua bakteria, lakini nilipaka siku niliyonyoa na nikashona suruali mbili nikiwa nimeinua viwiko kama kuku anayetaka kuruka. Tena ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua huweza kuungua na kubaki na mabaka meusi. Magadi nayo huchubua ngozi kwa upande mwingine. Shabu, lile jiwe jeupe la sokoni, ni afadhali kuliko vyote hivyo: lowesha jiwe, pitisha kwapani pasafi, acha pakauke. Bei yake haiumizi na jiwe moja hudumu miezi. Lakini wapo wanaolikimbilia shabu kwa kuogopa alumini ya viwandani, na shabu lenyewe ni chumvi ya alumini. Hao wametoka Uyole wakarudi Uyole.

Kuhusu saratani, utafiti uliofanyika hadi sasa haujathibitisha kwamba vizuia jasho huleta saratani ya matiti au nyingine yoyote. Tahadhari iliyo ya kweli ni kwa mwenye ugonjwa wa figo, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa alumini mwilini. Huyo na amuulize daktari kwanza. Ninachokiogopa zaidi ni chupa zisizo na anwani ya mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya usimamizi wa TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, basi nunua mahali ambapo muuzaji hatakasirika ukisoma chupa.

Habari ya kuoga nitaipitia haraka, kwa sababu umesema unaoga. Nakuamini, ila namfahamu pia Julai wa huku na ndoo yake ya maji ya saa kumi na moja alfajiri. Ukishindwa na baridi ukaoga “pasipoti”, basi hiyo picha yako ya pasipoti ionyeshe na makwapa, kinena na nyayo. Beseni moja la maji ya moto linatosha. Jifute pakauke. Kitunguu saumu na pombe huongeza harufu ya jasho na pumzi, na anayekunywa ulanzi jioni asishangae akitambulika asubuhi, ingawa sidhani kwamba hilo ndilo lako.

Je, wewe ni mgonjwa? Kwa uliyoyaeleza, sioni dalili. Lakini nenda hospitali bila kuchelewa ikiwa unalowa jasho usiku huku unapungua uzito au unakohoa, kwa kuwa hizo ni dalili zinazohitaji kipimo cha kifua kikuu. Vilevile ikiwa moyo hukimbia na mikono hutetemeka bila sababu, ikiwa kwapani pana majipu yanayojirudia au wekundu unaowasha, au ikiwa harufu imebadilika ghafla na haifanani tena na yako ya kawaida.

Sasa koti la bluu. Ligeuze, futa bitana kwapani kwa kitambaa chenye maji na siki, nusu kwa nusu, baada ya kujaribu kidogo mahali pasipoonekana, kisha litundike nje kwenye upepo siku nzima. Likikauka, weka kitambaa chenye unyevu juu ya kwapa, pitisha pasi yenye moto wa kati, na unuse mvuke. Usiponusa kitu, limepona, nawe uwe unalivaa siku mbili na kulipumzisha ya tatu, ukitanguliza fulana ya pamba ndani. Harufu ikipanda, bitana ifumuliwe kwapani na kutiwa kitambaa cha pamba. Ukipenda, fundi akushonee vitambaa viwili vya pamba vyenye umbo la nusu mwezi, vya kushikizwa kwa vifungo vidogo, ili uwe unavitoa na kuvifua kila jioni. Nusu mita ya kitambaa inatosha na kubaki. Lipeleke Ijumaa ukitoka kazini, ulichukue Jumapili, na Jumatatu utakuwa nalo ofisini.