Mtoto wangu ana A kwenye kuogelea chura, mbona akifika miaka 13 anarudi BB?

SWALI: Kocha habari za kazi. Kijana wangu ana miaka 12, klabu yake ya kuogelea inatumia vile viwango vya muda vya Marekani vya B, BB, A mpaka AAAA. Yadi 100 chura ana A. Mwezi ujao anatimiza 13 na kocha wake kaniambia atarudi BB, sasa sielewi amekosea wapi. Halafu tulienda shindano la bwawa la mita 50 akachelewa sekunde kibao kwenye 100 hiyohiyo. Je, mtoto anashuka?

JIBU: Nzuri mama, na wala hajashuka, tulia kwanza.

Hizo herufi ni za USA Swimming, chama cha kuogelea cha Marekani, na watu wengi wanazisoma kama maksi za shule, kwamba A ni hodari na B ni wa katikati, kumbe zinasema kitu kimoja tu, muda huu ukiulinganisha na watoto wa umri huu, jinsia hii, mtindo huu, umbali huu na bwawa la urefu huu unakaa wapi. Ukibadilisha kimoja tu hapo na herufi inabadilika. Makundi ni 10 na chini, 11-12, 13-14, 15-16 na 17-18, kwa hiyo kijana wako leo ni mkubwa wa kundi lake na mwezi ujao atakuwa mdogo kuliko wote kwenye kundi lenye watoto wanaokaribia 15, ambao wengine wameshaota ndevu na mabega yamepanuka. Muda wake ni uleule, jedwali ndo limebadilika. Wavulana hapo kwenye 13 huwa wanaumia zaidi maana wengi wanachelewa kubalehe kuliko wasichana, mpe mwaka mmoja na nusu uone.

Kuhusu bwawa, yadi 25 ni mita 22.86, kwa hiyo yadi 100 ni mita 91.44, mwanao kwenye bwawa la mita aliogelea karibu mita 8 na nusu za ziada, asichelewe vipi? Na bado, bwawa la mita 50 lina kugeuka mara moja tu kwenye 100 wakati lile la yadi anageuka mara tatu, na kila akisukuma ukuta anapata spidi ya bure. Hata wakubwa wanaisikia hiyo, Mwaustralia Kyle Chalmers mwaka 2021 aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 44.84 kwenye bwawa la mita 25, ila Mchina Pan Zhanle alipovunja rekodi ya dunia ya bwawa la mita 50 pale Paris 2024 muda wake ulikuwa 46.40. Kwa hiyo muda wa yadi soma kwenye jedwali la yadi, wa mita kwenye jedwali la mita. Zile programu za kubadilisha muda zinakisia tu, mi siziamini sana hasa kwa mtoto ambaye kugeuka kwake bado kubovu.

Ukitaka kujua mtindo upi anauweza zaidi kuna pointi za World Aquatics, shirikisho la kuogelea la dunia, unachukua muda wa msingi unaotokana na rekodi ya dunia, unagawanya kwa muda wa mtoto, kisha unazidisha jibu mara jibu mara jibu, halafu mara 1000. Akitumia muda mara mbili ya rekodi hapati 500, anapata 125, kwa hiyo usishtuke ukiona namba ndogo, pointi hazijali umri kabisa.

Kitu kingine, herufi haimpandishi kundi la mazoezi. Hilo ni la klabu, kila klabu na utaratibu wake, mimi nimeshawahi kumwacha chini mtoto mwenye AA kwa sababu AA yenyewe ilikuwa ya mgongo tu, kipepeo hawezi kumaliza. Na mashindano nayo yana muda wake wa kufuzu, mengine hata yanakataa waliozidi kasi, we soma tangazo la shindano lenyewe. Muda wa aliyeondolewa kwa kuvunja sheria hauhesabiki, na kwenye rilei, yaani kuogelea kwa kupokezana, anayehesabiwa muda ni anayeanza tu, wengine wanaruka wakiwa tayari kwenye mwendo.

Sasa la haraka. Kwa sheria za USA Swimming umri unaangaliwa siku ya kwanza ya shindano. Kama kuna shindano linaanza Ijumaa na bethidei yake ni Jumapili, ataogelea siku zote tatu kama wa miaka 12, kwa hiyo mwambie kocha amwandikishe chura na ile mitindo aliyobakiza kidogo kufika A, mapema kabla nafasi hazijajaa.